Bia yangu ilinuka bandeji hata nilipochuja maji

Wakuu, salamu kutoka Brussels.

Kwanza nisameheni kwa herufi nitakazokosea. Niliishia shule ya msingi kule Bukavu, na hii kompyuta ya duka la simu naibonyeza kwa kidole kimoja. Mwandiko wangu wa mkono ni mbaya zaidi. Lakini haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza kitu.

Dada yangu Neema alikuwa anaposwa. Wakwe wangekuja kwetu Anderlecht, na kila mtu nyumbani alikuwa na la kufanya. Mimi mbele ya watu sauti hukauka. Nikasema nitatengeneza bia, iongee badala yangu.

Nilifundishwa na padri mzee Mbelgiji wa Woluwe, aliyeishi Kivu zamani.

Bia ya kwanza ikanuka kama bandeji.

Padri akaonja, akatema kwenye sinki. "Mutoto, ni javel, ile dawa ya klorini. Maji ya robinet, ya bomba, iko nayo, na bia haiipendi. Uchuje na charbon."

Bon, nikanunua jagi lenye chujio la mkaa. Nikachuja, nikanusa maji: hakuna harufu hata kidogo. Nikapika tena.

Bandeji ileile.

Nikabadilisha chujio. Mara ya tatu nikaacha robinet kabisa, nikanunua maji ya chupa. Wakuu, bandeji! Nikaanza kufikiri labda ni mikono yangu.

Neema akanionea huruma. "Tununue tu bia ya dukani. Haina shida."

Hiyo "haina shida" iliniuma.

Nikajaribu tena. Nikachuja maji, nikaacha ndoo jikoni, nikaenda kuazima sufuria kubwa kwa jirani. Niliporudi, mama mdogo wetu, Maman Furaha, aliyetulea, alikuwa ameinama juu ya ndoo na chupa ya javel, akidondosha matone.

"Maman, unafanya nini?"

"Minakusaidia. Kila mara unasahau. Maji yako haina harufu."

"Si nimeitoa!"

"Umeitoa?" Akaniangalia kana kwamba mimi ni mwendawazimu. "Kule kambi ya bakimbizi, maji isiyonuka javel ndiyo ilitumalizia batu. Sasa wageni banakuja, unataka bahare kwetu?"

Kumbe hata maji ya chupa aliyatia javel. Tena alifanya kimya kimya, nisione aibu.

Nikamwaga. Nikachuja mengine, nikayachemsha mbele yake. Akavuta kiti, akakaa karibu na sufuria hadi yakatokota sana.

"Alors, sasa ni maji," akasema.

Siku ya wakwe, baba mkwe akanywa. Nikatazama viatu vyangu. Akasukuma glasi mbele.

"Nani alipika hii? Ongeza."

"Ni mutoto wangu," Maman Furaha akajibu. "Lakini maji, ni mimi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na baba mkwe akaniita nikae karibu naye.

Nilichojifunza: kabla ya kuchuja maji, muulize unayeishi naye, kwake maji safi ni yapi.

Ila bado nimechanganyikiwa. Kuchemsha peke yake kungetosha, bila chujio? Na inakuwaje matone machache yaharibu ndoo nzima?

Maman naye anaamini bia ilipona kwa sababu alikaa pale. Sijui nimweleze au nimwache.

Mnaojua, niandikieni, hata mstari mmoja. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.