Weusi wa Paji la Uso

Weusi ulianzia kwenye paji la uso, pale pale panapogusa msala ninaposujudu. Ndiyo maana watu wa msikiti wa mtaa wetu wa Ansab, huku ng'ambo tulikohamia kutoka Unguja, waliufurahia. Waliona ni alama ya sijda. Niliwaambia sina sijda ndefu kuliko mtu mwengine, lakini kila nilipokanusha walizidi kuniona mnyenyekevu. Imamu aliposafiri walinisukuma mbele nisalishe, na nyuma yangu wamesimama watu waliohifadhi Kurani vizuri zaidi yangu.

Kisha ukateremka. Ukashika mashavu, ukazunguka macho, ukashuka shingoni, rangi ya majivu yaliyorowa. Hapo hapakuwa tena na wa kuuita sijda. Mke wangu aliyasikia kwa wanawake kwenye hitima, kwamba ati uso wa mzee umesawijika, na Mungu hamsawijishi mtu bure. Sote tumesomeshwa habari za nyuso zitakazong'aa Siku ya Kiyama na zitakazokuwa nyeusi. Niliogopa. Baada ya alfajiri nilikuwa nnakaa nikijikagua, kama mtu anayepekua mifuko ya kanzu yake kutafuta kitu alichoambiwa kaiba.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari, mwanamke kijana ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, alichukua kipande kidogo cha ngozi ya shingo kikapimwe. Majibu yaliporudi alinieleza kwa Kiswahili cha kwao nyumbani. Kinga ya mwili wangu, inayotakiwa kupigana na maradhi, ilikuwa ikiishambulia ngozi yangu yenyewe, na rangi ya juu ilikuwa ikimwagika chini na kubaki huko. Mafuta ya kupaka niliyokwisha kupewa hayakufaa. Sasa alinipa dawa ya kumeza ya kuituliza kinga hiyo, ya jamii ya zile wanazopewa waliobadilishwa figo. Alinionya kwamba haitonirejeshea ngozi ya ujana. Ingezuia weusi usizidi, na uliokwisha kuingia huenda ukafifia polepole. Tena lazima nipimwe damu mara kwa mara, dawa isije ikadhuru figo au ini.

"Na msikitini, babu, usiende mpaka msimu huu wa mafua upite," alisema. "Kinga ikishuka, kikohozi cha jirani yako kwenye safu kinaweza kukulaza hapa."

Dawa sikuiogopa. Niliogopa nafasi yangu kwenye safu ikionekana tupu. Mtu kasawijika uso, kisha haonekani msikitini! Walionisema wangepata ushahidi wao. Nilimwambia mke wangu kwamba nitakwenda hivyo hivyo. Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua kichwa.

"Unakwenda kumsalia Mungu au unakwenda kuwaonesha watu?"

Nikameza kidonge.

Msimu wote ule wa baridi nilisali nyumbani, yeye nyuma yangu. Nikaona sijda zangu zinarefuka, maana hapakuwa na mtu anayengoja niinuke. Kila vipimo vya damu vilipotoka salama, nilimshukuru Mola kwa figo na ini, ambavyo umri wangu wote sikuwahi kuvitaja katika dua. Weusi ulianza kuachia shingoni, kisha mashavuni. Wa paji ulikuwa wa mwisho kufifia, ukabaki kivuli chepesi.

Daktari aliponiruhusu, nilirudi msikitini alasiri moja. Mzee mwenzangu, niliyesoma naye chuo cha Kurani tukiwa watoto Unguja, alisogea akanipisha pale pale pangu. Akanitazama paji.

"Sijda imefutika, bwana," alinong'ona. "Au siku hizi husali?"

Yeye alikuwa akitania, ingawa waliosikia hawakucheka wote. Zamani ningeanza kueleza habari za kinga na ngozi hadi mwisho.

"Nnasali," nilimwambia. "Niombee ikubaliwe."

Sala ikakimiwa, tukasimama bega kwa bega. Nilipoweka paji langu kwenye zulia, nilitamani imamu akawie kidogo kutuinua.