Nani Alikuwa Akinigongea Bomba Alfajiri?

Ngo. Ngo. Ngo.

Mara tatu, chuma kwa chuma, kabla hakujapambazuka. Sauti ilitoka kwenye bomba la joto, pembeni ya kitanda changu.

Kwenye majengo yetu ya zamani hapa New York, mtu akibanwa na baridi hugonga bomba kwa kijiko. Bomba ni moja kutoka chini hadi juu, kwa hiyo mtunza jengo husikia, akaamka kuongeza moto. Kila mtu anajua.

Ila siku ile joto lilikuwa jingi mpaka nimelala dirisha wazi.

Sasa huyu analilia joto gani?

Nikachukua kijiko changu nikamjibu mara tatu, kwa hasira. Tulia, watu tumelala!

Kimya.

Kesho yake, saa ileile, ngo, ngo, ngo.

Ngojeni niwaeleze hali yangu. Naitwa Eufemia, nina miaka sabini na minane, naishi peke yangu ghorofa ya nane. Lifti ilikuwa imekufa. Kabla haijafa, kila siku nilishinda Nyumba ya Jirani, mtaa wa pili tu. Nyumba hiyo imewalea watu wa kwetu tangu mama yangu alipofika kutoka Puerto Rico. Watoto wanaachwa pale asubuhi, wageni wanafundishwa Kiingereza, na sisi wazee tunapata chakula cha mchana na meza ya domino.

Sasa nikabaki na kuta nne, na dirisha linalotazama ukuta wa tano.

Na si lifti peke yake. Wiki ileile niliteleza bafuni. Goti likavimba, mkono ukawa zambarau kama bilinganya. Sikumwambia mtu.

Mwanangu Efraín, aliye Florida, alishanionya. "Mama, ukianguka tena, basi. Nakuleta huku kwenye makao ya wazee."

Nimeishi humu miaka arobaini na mmoja. Mume wangu alifia humu. Nitoke niende wapi?

Basi Nereida wa Nyumba ya Jirani akawa ananipandishia chakula kila adhuhuri, ghorofa nane kwa miguu. Namsikia akihema kabla hajagonga.

"Bibi Femia, fungua nikuone."

"Weka hapo chini, mwanangu. Sijavaa."

"Jana pia ulikuwa hujavaa."

"Uzee huu! Kuvaa kunachukua siku mbili."

Anacheka, anashuka. Wali na mbaazi, bado wa moto, maana amekifunga chombo na kitambaa chake mwenyewe. Nakula huku machozi yananitoka. Nilijua akiniona tu, simu itafika Florida kabla hajamaliza ngazi.

Kilichobaki ni bomba.

Hasira ikaniisha. Nikawa naamka mapema kulisubiri, na najibu polepole, kama mtu anayeitikia salamu. Sikumjua mgongaji ni nani. Chini yangu kuna ghorofa saba.

Asubuhi ya kumi na mbili, bomba likanyamaza.

Nikagonga mimi. Hakuna. Nikagonga tena. Hakuna.

Nipige simu niseme nini? Kwamba leo bomba halijanisalimia? Wangekuja kunibeba mimi.

Nikafungua mlango. Nikakaa kwenye ngazi ya juu, nikashuka kwa makalio kama mtoto, ngazi moja moja, mkono mzima umeshika chuma. Ngazi kumi na saba. Kila moja nilimtaja mtakatifu wake.

Mlango ulio chini ya wangu ni wa Casimiro. Mimi na yeye tulinuniana miaka miwili, tangu aniite mwizi wa domino mbele za watu. (Ni kweli nilificha moja, lakini hayo tuyaache.)

Nikatega sikio.

Ngo...

Dhaifu sana. Sauti ya sakafuni.

Nilipiga ukelele mpaka milango yote ikafunguka. Mtunza jengo akaja na funguo. Casimiro alikuwa chini jikoni, nyonga imevunjika, kijiko mkononi. Bomba lilikuwa hatua mbili kutoka alipolala.

Wakati wanamfunga kwenye machela, Nereida akatokea, anahema. Akanikuta nimekaa ngazini na gauni la kulalia.

"Leo umevaa," akasema. Kisha akauona mkono.

Hakunifokea. Alivua koti lake akanifunika mabega.

"Usimwambie Efraín," nikamwomba. "Atanihamisha."

"Nani kakwambia mimi ni mpelelezi wa mwanao? Usipotaka, sipigi simu. Tuna mtu wa kukusaidia kuoga. Tuna nesi wa hilo goti. Tuna fundi wa kukuwekea vyuma vya kushikilia bafuni. Siku zote hizo nilikuwa nakuja kukwambia hayo, Bibi. Ungefungua!"

Nikamuuliza, "Na leo umejuaje uje mapema hivi?"

Akamtazama Casimiro akiteremshwa.

"Ulipokataa kufungua, nilimwomba yeye agonge. Kila asubuhi alinipigia simu: 'Yuko hai, na ana hasira.' Juzi akasema, 'Hasira zimemwisha, sasa ndiyo naogopa.' Leo hakupiga, nikaja mbio."

Mimi nilidhani ndimi niliyekuwa nikimwangalia mtu, kumbe ndimi niliyeangaliwa.

Wajukuu zangu, mlango niliufunga mwenyewe, halafu nikailaumu lifti. Mtu akikupandia ghorofa nane na chakula cha moto, mfungulie akuone ulivyo.

Vyuma vya bafuni vimewekwa. Efraín nilimwambia mwenyewe. Alinuna, akaja, akavivuta kwa nguvu zake zote, havikutikisika, akarudi kwake.

Casimiro naye amerudi. Jana nilimpelekea kahawa. Aliinywa yote bila kusema asante.

Nilipofika mlangoni nikasikia kijiko kwenye kikombe. Ngo, ngo, ngo.

"We mwizi," akaniita. "Kesho uje tena. Na ile domino uliyoficha, uje nayo."