Mbegu ya Pamba Kifuani

Sifa zote ni zako, Mungu uliyenifikisha kwenye mvi. Dawa zilipoziangusha, ulizirudisha nyeupe zaidi.

Titi langu la kushoto lilikatwa Mwanza kwa sababu ya saratani. Nilipomaliza matibabu tulirudi Bariadi, mume wangu akachinja dume la ng'ombe, nikashuhudia kanisani kwamba nimepona. Kwaya ilikula mpaka ikashindwa kuimba.

Upande mtupu niliujaza pamba ya shambani kwetu, ndani ya sidiria. Mbegu nilizitoa kwa vidole, lakini macho ya uzee hayaoni zote. Kwa hiyo nilipogusa kitu kigumu pembeni ya kovu, nilisema ni mbegu. Nikaitoa pamba, nikaichambua, nikairudisha. Kigumu kipo. Nikaweka pamba mpya. Kipo. Wiki tatu nachambua tu.

Mume wangu akanikuta jikoni, pamba na sidiria viko mezani.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma chetu, "unatafuta nini?"

"Mbegu. Inanikera."

"Na sasa hivi, pamba ikiwa mezani, inakukera?"

Nikagusa pembeni ya kovu. Bado ilikuwa inanikera.

"Basi hiyo imeshaota. Kesho hospitali."

"Na lile dume je? Waliokula nitawaambia nini?"

"Lile lilikuwa la shukrani. Nani alikwambia tulimfunga Mungu kamba kwa dume?"

Nililia, kisha nikacheka. Kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kuonekana mwongo mbele ya kwaya.

Vipimo vilionyesha ugonjwa umerudi. Daktari, binti wa umri wa mjukuu wangu, alinieleza taratibu kwamba dawa zitautuliza kwa muda Mungu atakaojalia, ila kuung'oa wote hazitaweza.

"Lakini bibi, mbona ulichelewa?"

"Nilikuwa nachambua pamba."

Akaweka kalamu chini. Mume wangu akamweleza yote, nao wakacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Jumapili nilisimama tena kanisani. Nikasema ugonjwa umerudi, nitameza vidonge kila siku, na shukrani yangu siiondoi. Mama mmoja wa kwaya akauliza, "Kwa hiyo tutakula tena?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mume wangu akanyoosha mkono kutoka nyuma: "Safari hii mbuzi!"

Tulimla, nami nikala. Sidiria sasa naijaza vitambaa.

Wewe unayesoma, Bwana akupe mkono wa kujigusa mapema, na mtu wa kukuuliza pale unapojidanganya. Amina.