Bisimwa Katika Filamu ya Miftah

Jumapili baada ya ibada, wenzake wa kanisa la Wakongo pale South End, mjini Louisville, walipokwenda kutazama mpira, Bisimwa alirudi nyumbani kwake Highview, akavua koti na kutafuta filamu za aina moja tu. Zilikuwa za nchi za Waarabu: watu waliojaa viwanja vya Tunis na Cairo, vijana wa Syria waliopiga picha mtaa wao ukiporomoka, wasichana wa Khartoum wakiimba mbele ya makao ya jeshi. Nyingi zilianza kwa nyimbo zikaishia magerezani au uhamishoni. Alizitazama zote mpaka mwisho. Kiarabu alikielewa, hivyo aliwafasiria mkewe Dative na binti yao Jolie kabla maandishi ya chini hayajatokea. Jolie alimjibu kwa Kiingereza kwamba anaweza kusoma mwenyewe.

Hakuwa mtu wa siasa. Ni kwamba na yeye alikuwepo.

Kabla ya kuletwa Louisville, ambako anaendesha foklifti katika ghala la vipuri vya magari, Bisimwa aliishi Benghazi, nchini Libya. Alikimbia vita Bukavu, nchini Kongo, akiwa kijana, akapita Uganda na Sudan akitafuta kazi, na jangwa likamfikisha huko. Mzee mmoja aliyeitwa Faraj, mwenye duka la mikate, alimpa kazi ya tanuri na chumba cha kulala nyuma ya duka. Mzee Faraj alikuwa na mtoto wa kiume, Miftah, mwanafunzi asiyeachana na kamera. Jioni Bisimwa alimbebea stendi ya kamera mitaani, akasimama kwenye mwanga pale alipoambiwa asimame. Miftah alimwita kaka, na hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo katika mji ule.

Mwaka 2011, watu wa Benghazi walipoinuka dhidi ya serikali, Mzee Faraj alisema mikate itakuwa bure kwa waandamanaji. Bisimwa ndiye aliyeipeleka mbele ya mahakama walikokusanyika, ingali moto, na akabaki huko kupiga kelele pamoja nao. Alikuwa amekimbia vita ambavyo hakuna aliyewahi kumuuliza anavionaje. Hapa watu walikuwa wanasema wenyewe wanachokitaka, na yeye alikuwa katikati yao, ana unga mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyemsukuma.

Kisha uvumi ukaenea kwamba serikali imeleta mamluki kutoka nchi za watu weusi. Vijana wenye bunduki wakaanza kuwatoa wafanyakazi weusi madukani na majumbani. Bisimwa walimkuta mlangoni pa duka la mikate. Walimpiga, wakamkalisha chini katika ua wa shule pamoja na wengine, mikono imefungwa nyuma. Kando yake alikuwa fundi wa plasta kutoka Ghana aliyeitwa Kwabena, akilia kimya kimya. Na kati ya watu waliokuja kutazama, Bisimwa alimwona Miftah na kamera yake.

Alimwita kwa jina. Alimwomba awaambie kwamba yeye ni mtu wa mikate. Miftah alishusha kamera akaondoka haraka. Kesho yake asubuhi Mzee Faraj alikuja, akagombana na vijana wale mpaka wakamwachia Bisimwa. Kwabena alibaki, na Bisimwa hakusikia habari zake tena. Yeye alikwenda kambi ya wakimbizi mpakani mwa Misri, na kutoka huko akaletwa Amerika.

Kisa hicho alikisimulia siku zote kwa namna moja: Miftah aliondoka mbio ili akamwite baba yake. "Yule kijana ndiye aliniokoa," alimwambia Jolie. "Bila yeye hata wewe usingezaliwa."

Mwaka jana, wakati wa vuli, alipigiwa simu na Muhoza, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Walifanya kazi ghala moja Louisville kabla Muhoza hajahamia Hilliard, pembeni mwa Columbus.

"Kaka, kuna chuo hapa kinaonyesha filamu wiki nzima," Muhoza alisema. "Za mapinduzi ya Waarabu na yaliyofuata baadaye. Jumamosi kuna ya Benghazi, na aliyeitengeneza ni Miftah. Si ndiye yule wako?"

Bisimwa aliomba ruhusa kazini. Alinyoa, akavaa suti ya harusi za watu, akaendesha gari na Dative hadi Columbus. Njia nzima alikuwa anajaribu salamu za Kiarabu, maana ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito. Walipofika waliambiwa mtengenezaji hakuweza kuja; anaishi Buffalo na anafundisha huko. Bisimwa alisikitika kidogo, akaketi mbele.

Filamu ilianza ndani ya duka la mikate. Tanuri ilikuwa ileile. Mikono yake ilionekana ikigeuza unga, uso haukuonekana, lakini Dative aliijua mikono ile, akamfinya goti. Wakatabasamu gizani. Yakaja maandamano, nyimbo, bendera, Mzee Faraj akigawa mikate na kucheka. Bisimwa alilia kumwona, kwa sababu alishasikia kwamba mzee alifariki.

Kisha ukaja ua wa shule. Kamera ilipita polepole juu ya watu weusi waliokaa chini, ikafika kwa Bisimwa, ikasimama. Uso ulikuwa umevimba, mdomo ukifunguka na kufungika. Sauti haikuwepo, uliwekwa muziki wa huzuni. Chini ya picha yaliandikwa maneno: mamluki wa serikali waliokamatwa na wananchi.

"Papa Jolie," Dative alinong'ona. "Ile ni weye."

Filamu iliendelea na yaliyofuata, vikundi vilivyogawana mji, rafiki za Miftah waliouawa mmoja mmoja, Miftah mwenyewe uwanja wa ndege akilia. Mwisho watu ukumbini walisimama kupiga makofi. Bibi mmoja wa Kizungu aliyeketi karibu alipangusa macho, akamwambia Bisimwa kwamba ni filamu ya kweli kabisa. Bisimwa alimshukuru kwa adabu.

Usiku huo walilala kwa Muhoza. Asubuhi Dative akasema, "Bon, twende tumuulize. Pengine maneno aliandika mtu mwingine."

Bisimwa naye alikuwa ameshikilia hilohilo. Muhoza alipata namba kwa watu wa chuo, Bisimwa akapiga. Miftah alipomtambua alilia kwenye simu. Alisema aliwahi kumtafuta, alisema njoo hata leo. Muhoza aliwapeleka kwa gari lake, wakapita Cleveland na kufuata ziwa lililokuwa mkono wa kushoto mpaka Buffalo. Miftah alikuwa anawasubiri katika mkahawa wa Wayemeni. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka. Alimkumbatia Bisimwa kwa muda mrefu.

Walinywa chai. Bisimwa alimpa pole ya baba yake. Halafu akamwambia kwa Kiarabu, taratibu, "Nimeiona filamu yako."

Miftah aliweka kikombe chini. "Wapi?"

"Columbus. Nilikuwa mbele kabisa."

"Nilijua siku moja utaiona," Miftah alisema. "Kaka, wale vijana walikuwa na bunduki. Ningesema wewe ni wetu wangenikalisha kando yako. Niliogopa."

"Hilo nimelijua miaka yote na sikukulaumu. Ulikuwa kijana, ukaogopa, ukaenda kumwita baba."

Dative, ambaye hakujua Kiarabu, alikuwa akimtazama Miftah usoni tu.

"Sikumwita," Miftah alisema. "Nilikwenda kuituma ile picha kwa watu wa habari. Baba aliambiwa na majirani. Aliporudi nyumbani hakusema na mimi siku nyingi."



"Sawa," Bisimwa alisema. "Lakini filamu uliimalizia hapa Amerika. Hapa nani alikushikia bunduki?"

"Waliotoa fedha walisema adui haonekani kwenye filamu. Kila mtu wakati ule alisema ni mamluki. Kuanza kueleza habari zako kungegeuza filamu iwe kitu kingine."

"Na sauti yangu? Nilikuwa nakuita jina."

"Ndiyo maana nikaiondoa," Miftah alisema. "Watu wangeuliza ni nani huyo anayenijua."

Bisimwa aligeuka akamfasiria mkewe yote, bila kuruka. Dative alisikiliza, akafunga mkoba wake. "Donc, kumbe alijua," alisema. "Miaka yote tunamwombea huyu, na alijua."

Kabla ya kuondoka Bisimwa aliomba mambo mawili. Maneno yale yafutwe, na sauti yake irudishwe, ili anayetazama asikie mtu anavyomwita rafiki yake. Miftah aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba atafanya. Aliwasindikiza hadi kwenye gari, akataka kumkumbatia tena. Bisimwa alimpa mkono.

Majira ya kuchipua Miftah alimtumia nakala mpya. Bisimwa aliitazama akiwa na Jolie. Baada ya maandamano filamu iliruka moja kwa moja hadi kwenye vita. Ua wa shule haukuwepo kabisa. Miftah alikuwa ameandika kwamba ameona hivi ni salama kwa wote, na kwamba filamu sasa inakwenda vizuri zaidi.

Bisimwa alimpigia papo hapo. "Sikukuomba ututoe," alisema. "Na Kwabena? Na wale waliobaki pale? Picha ile ndiyo pekee inayoonyesha kwamba walikuwepo."

Miftah alisema yuko darasani, atampigia baadaye. Hakupiga.

Jolie alikuwa bado ameshika rimoti. Safari hii aliuliza kwa Kiswahili, "Papa, kwa hiyo nani alikuokoa?"

"Mzee Faraj," Bisimwa alijibu. "Nilikudanganya bila kujua." Akamkalisha karibu, akamweleza upya tangu ua wa shule, pamoja na jina la Kwabena na kazi yake na jinsi alivyokuwa analia. Dative alitoka jikoni akasimama kusikiliza.

Mwezi wa Krismasi simu ya kutoka Buffalo iliingia wakiwa mezani. Bisimwa aliliangalia jina, akaigeuza simu kifudifudi, akaendelea kula.