Kompyuta Niliiharibu Mimi, Fimbo Akala Binti Yangu

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Hata mke wangu hajui ukweli wote. Ninyi msionijua ndio mtakuwa wa kwanza kuusikia.

Mimi ni mkulima huku Nambis. Zamani nilisoma kompyuta miezi mitatu pale Katesh, nikapewa cheti. Tangu hapo kijijini naitwa fundi! Hata redio ya mtu ikikoroma, inaletwa kwangu. Kichwa kikavimba.

Shule yetu ikapata kompyuta ndogo za watoto, za plastiki ya kijani. Mwalimu akatueleza wazazi kwamba zinatumia mfumo wa Linux, siyo Windows tuliyozoea, na kwamba watoto wamefundishwa kuzitengeneza zikigoma. Nilicheka kwa sauti. Darasa la sita watengeneze kompyuta! Wakawa wanapeana zamu ya kwenda nazo nyumbani mwisho wa wiki.

Jumamosi ya zamu ya binti yangu, alipokwenda kuchota maji, nilichomeka flashi yangu yenye gemu za Windows. Mashine ikakataa. Nikalazimisha, nikabonyeza kila kitu, ikaganda. Kwa hasira nikachomoa betri, nikairudisha, nikaifunika kwa kitenge kama nilivyoikuta. Nikaenda kuangalia ng'ombe.

Niliporudi alikuwa amekaa sakafuni, kompyuta mapajani. Kioo cheusi tii, maandishi meupe yanashuka mstari kwa mstari. Kwangu mimi, kioo cha namna hiyo kilikuwa maiti.

"Umefanya nini?"

"Shikamoo baba. Ilikuwa imegoma, naitengeneza."

"Nani amekutuma? Unaua mali ya shule!"

"Hapana baba. Mwalimu alituonyesha amri ya kuandika. Inajikagua, subiri kidogo."

Subiri! Mtoto ananiambia mimi nisubiri! Lakini leo sifichi: moyoni nilijua aliyeiharibu ni nani. Nilipata wa kumtwika kosa langu, nikachukua fimbo ya kuchungia.

Ya kwanza mgongoni. Ya pili begani. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kukimbia. Hakukimbia! Aliiinamia ile kompyuta, akaifunika kwa mikono, analia, "Baba usiipige, haijamaliza!" Nikapiga mikono. Nikasikia mfupa ukivunjika, jamani, na bado nikapiga tena.

Mama yake alitoka jikoni mbio, akaning'ata mkono nikaachia fimbo. Nikamsukuma, akajigonga ukutani akaanguka.

Ndipo kompyuta ikatoa mlio mdogo. Kioo kikawaka, picha zote zikarudi, na mchoro aliouchora wa nyumba yetu. Imepona! Damu ya mwanangu ilikuwa kwenye vitufe.

Tulipanda basi hadi hospitali ya Haydom, binti amefungwa mkono kwa kanga ya mama yake. Nikamwambia daktari amekanyagwa na ng'ombe. Daktari akamgeukia binti. Naye akajibu, "Ndiyo, ni ng'ombe." Heri angenitukana mbele za watu!

Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Shuleni kompyuta ikigoma wanamwita yeye, anaandika kwa mkono wa kushoto, polepole.

Siku aliyotolewa plasta alinifuata zizini. Akanisalimia, nikaitikia bila kumtazama. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Baba, flashi yako. Niliikuta imechomekwa kwenye kompyuta."

Nikaipokea, nikaitia mfukoni. Alijua tangu mwanzo. Wakati namvunja vidole, alijua ni mimi, na neno moja tu lingemwokoa. Hakulisema, na mpaka leo hajamwambia hata mama yake. Ameniachia niseme mwenyewe, nami mwanaume mzima nimeshindwa. Naandika kwenu kwa sababu ninyi hamwezi kuniangalia usoni.

Wazazi wenzangu, mtoto akifanya jambo usilolielewa, kaa chini umuulize. Na kama uliyeharibu ni wewe, sema kabla hujashika fimbo. Mimi flashi ile bado iko mfukoni mwangu, na kila asubuhi binti yangu akinipa shikamoo, naishika nikidhani leo nitasema.