Jedwali langu la figo ya baba mdogo

Nikisema niliaibika siku ile wodini nitakuwa nimepunguza, kwa hiyo niwaeleze yote, hata zile sehemu ambazo bado naomba mama mdogo azisahau.

Nina duka la steshenari Mlabani, na takwimu nimejifundisha mwenyewe kwa simu (cheti sina, ila kwa kupanga jedwali likapendeza sijaona wa kunifikia, na ugonjwa wangu uko hapo). Baba mdogo, mkulima wa mpunga kule Idete, alipangiwa upasuaji wa kutoa jiwe kwenye figo ya kushoto, na majibu ya picha yake yakaletwa dukani nitoe kopi. Nikayasoma. Nilishaona mtandaoni kwamba madaktari wana namna ya kupiga alama, wanaangalia ukubwa wa jiwe, limekaa wapi, umri wa mgonjwa, ana kisukari au hana, kisha wanakadiria kama litatoka lote na kama kuna hatari ya homa au kuvuja damu, nikasema ngoja na mimi nimkadirie, ili familia isije ikashtukizwa.

Ningeishia kwenye daftari, basi. Lakini mimi karatasi iliyokunjamana hainipi raha, nikachapa jedwali, hatari kubwa nikazipaka nyekundu, nikalitia laminesheni, nikampa mama mdogo, mkewe, akae nalo.

Sasa karatasi ngumu inayong'aa, ina rangi na jina la mgonjwa juu, kwetu hiyo imetoka hospitali, hakuna wa kuibishia. Mama mdogo aliona mistari minne kati ya mitano ni nyekundu, akampelekea mwenyekiti wa jumuiya yao, naye akaisoma mbele ya watu baada ya sala, na asubuhi ya upasuaji nilipofika wodini nikakuta jumuiya imezunguka kitanda inasali rozari, shangazi kaja na mkeka wa kukalia msiba, na baba mdogo keshavaa shati na viatu, anaagana na ndugu mmoja mmoja. Alikuwa amekataa kusaini fomu ya upasuaji. Muuguzi akaniambia figo imeshaanza kuvimba kwa sababu mkojo haupiti, na akiondoka leo anaweza kuipoteza.

Daktari aliingia, akaiangalia ile karatasi, akauliza imetoka ofisi gani. Shangazi akaninyooshea kidole.

"Kijana, jiwe umeliandika sentimita ishirini na mbili."

Zilikuwa milimita. (Nafasi kati ya mistari nilikagua mara tatu, kipimo sikukagua hata mara moja.)

"Hilo la kusagia," akasema mgonjwa wa kitanda cha pili, na wodi nzima ikacheka, mwenyekiti naye akashindwa kumalizia Salamu Maria yake.

Baba mdogo hakucheka. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha mbele ya wote, nikamwambia jedwali ni la kwangu, hospitali haihusiki, na nimekosea.

"Kwa hiyo homa haitakuja?" akaniuliza.

Kila mtu alikuwa anangoja niseme haitakuja. Daktari ndiye aliyejibu.

"Inaweza kuja, mzee. Ikija tutakupa dawa, na hutatoka hapa mpaka iishe. Kipande kikibaki, tutakifuata."

Baba mdogo akainama akavua viatu.

Jiwe lilitoka, homa ikaja siku ya pili, kipande kidogo kikabaki. Yaani mistari miwili ya nyekundu ilitimia hata kwa kipimo kile kibovu, na nilifunga mdomo wangu (mnanijua, mjue nilivyoteseka). Niliandika kila baya linaloweza kumpata, na sikuandika popote kwamba likimpata tutafanya nini.

Juzi kaniuliza, kwa sauti ya chini mama mdogo asisikie, kama jiwe litarudi. Vidole vilishaanza kutafuta kalamu, nikavikunja.

"Sijui, baba mdogo. Likirudi nitakupeleka mwenyewe."

Akasema sawa, akaomba maji.