Fundi Idarusi na Tumbo la Shadya

Idarusi hutengeneza baiskeli kwenye kibaraza cha nyumba ya mama yake, Ngamiani, barabara ya kumi na nne. Ana miaka thelathini na sita, mguu wa kushoto umepungua kidogo tangu kuzaliwa, na kazi hii ameishika tangu alipoacha shule akiwa darasa la tano. Watu humletea baiskeli hata kutoka Pongwe, kwa sababu hana haraka na hadanganyi. Kama fremu imeoza atakwambia imeoza, ukanune huko. Ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe na sababu yake. Gurudumu likiyumba, ipo spoki iliyolegea. Cheni ikiruka, yapo meno yaliyolika. Ukikaa naye utamsikia akisema kwamba baiskeli haina siri, ina mahali ambapo hujatazama tu.

Sasa mtu wa namna hiyo akapata mwaka uliomkoroga akili kuliko miaka yote aliyoishi, na aliyemkoroga alikuwa mtoto wa miaka mitano.

Mkewe, Saleha, ni mpishi wa chuo kimoja huko Pongwe. Huondoka kabla jua halijachomoza na kurudi baada ya alasiri. Kwa hiyo Shadya, mtoto wao wa pekee, alilelewa na baba yake pamoja na bibi yake, Bi Khadija. Idarusi ndiye aliyemfundisha kwenda msalani. Alimchutamisha, akamshika mikono asidumbukie, akamwimbia upuuzi wowote uliomjia mdomoni. Mtoto alipofika miaka mitatu, kazi ilikuwa imekwisha. Shadya alichukua kopo lake la maji, akaenda uwani peke yake, akaimba huko ndani mpaka amalize. Baba mtu hakulifikiria tena jambo hilo.

Januari akaanza darasa la awali. Siku ya kwanza alikwenda kwa furaha, begi mgongoni kubwa kuliko yeye. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, alirudi adhuhuri akaketi karibu na baba yake kama kawaida yake, na Idarusi akasikia harufu.

Akamuuliza kwa sauti ya chini kama amejisaidia. Shadya akasema hapana. Idarusi akamwingiza ndani, akamvua sketi ya shule, akakuta chupi imechafuka. Choo chenyewe si kingi, kidogo tu, chepesi kama uji uliozidi maji. Mtoto akaitazama ile chupi, akamtazama baba yake, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa na uongo. Alionekana kushangaa kama alivyoshangaa baba.

Ilikuwa majira ya maembe. Idarusi akasema moyoni ni maembe, akafua nguo, akamwogesha, yakaisha. Kesho yake tena. Keshokutwa mara mbili, moja shuleni na nyingine palepale kibarazani. Siku nyingine na mkojo ulimtoka, mtoto aliyekuwa halowi hata akiwa usingizini.

Bi Khadija akasema tumbo la kuharisha hilo. Akachuma majani ya mpera nyumbani kwa jirani, akayachemsha, akamnywesha asubuhi na jioni. Akamkataza papai, akamkataza maziwa, akawa anampa wali mkavu na ndizi mbichi za kuchemsha. Siku mbili nguo zikawa safi. Bi Khadija akakaa mkao wa mtu aliyeshinda kesi. Siku ya tatu hali ikarudi, mbaya kuliko mwanzo.

Kila mtu akawa na neno lake. Mwalimu wa darasa, binti mmoja mpole aitwaye Queen, alimpigia Idarusi simu akamwomba amweke mtoto nyumbani hadi kuhara kuishe, maana wenzake walikuwa wameanza kusogeza viti mbali naye. Saleha alisema mtoto ametishwa na mtu huko shuleni na hasemi. Jirani akasema ni jicho, mtoto mzuri yule, amevaa sare mpya, watu wamemtazama. Bi Khadija akamchukua mjukuu wake hadi kwa mwalimu wa madrasa asomewe. Mwalimu akamsomea dua vizuri, akampulizia maji akanywa, kisha akamwambia bibi kwa heshima zote kwamba dua ameshaifanya, sasa hospitali wampeleke.

Hawakwenda wiki ile. Idarusi alikuwa bado anatafuta sababu mwenyewe. Alikaa kibarazani na tyubu mapajani akiwaza: kama ni kuhara, mbona hana homa? Kama ni uvivu, mbona haoni hata haya? Kama ni hofu, mbona kila asubuhi anaharakisha kwenda shule na akizuiwa analia?

Ijumaa moja wateja walikuwa watatu wamesimama, Shadya anacheza kando. Harufu ikaja. Mteja mmoja akaziba pua akacheka, akauliza kama siku hizi fundi anafuga na mbuzi. Idarusi hakujua mkono wake ulipandaje. Alimchapa Shadya kofi la paja, mbele ya watu wale, mtoto ambaye hajawahi kumpiga tangu azaliwe.

Shadya hakulia. Alilishika paja akamtazama.

"Baba, nimefanya nini?"

Na Idarusi akaona kwamba mtoto hajui. Hakuwa anaficha wala hakuwa anajifanya. Kitu kilikuwa kimemtoka mwilini na yeye mwenyewe hana habari. Fundi akaingia ndani akakaa kitandani, wateja wakamngoja mpaka mmoja akaondoka. Alisema baadaye kwamba saa ile aliona akili yake imefika ukingoni. Yaani aliogopa kitu ambacho hakijui hata jina.

Jumatatu alimpandisha Shadya kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli wakaenda kituo cha afya. Walipokewa na nesi wa makamo aitwaye Ruthi, Msambaa wa milimani, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Idarusi akamwamkia shikamoo, akaeleza yote: kuhara wiki tano, majani ya mpera, wali mkavu. Kofi akaliacha.

Ruthi alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akamuuliza swali ambalo Idarusi hakulitarajia: mara ya mwisho mtoto huyu kwenda choo kikubwa hasa, akakaa akamaliza, ilikuwa lini?

Idarusi akajibu kwamba anakwenda kila saa, ndiyo shida yenyewe.

"Sizungumzii hizo za kwenye nguo, baba. Nauliza za chooni."

Idarusi akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Akajaribu kukumbuka lini alimsikia Shadya akiimba huko uwani na kopo lake. Hakukumbuka wiki hii, wala iliyopita. Aliona aibu kwamba hajui, yeye anayejua ni baiskeli ya nani inayopita barabarani kwa kusikia mlio wake tu.

Ruthi akamlaza Shadya, akambonyeza tumbo taratibu huku akimuuliza habari za shule. Kisha akauchukua mkono wa Idarusi akauweka chini ya kitovu cha mtoto, upande wa kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu, kimejipanga kama viazi ndani ya mfuko.

"Mwanao haharishi," Ruthi akasema. "Mwanao amefunga choo."

Idarusi akadhani hakusikia vizuri. Akamwomba arudie. Akamwambia, kwa adabu, kwamba hilo haliwezekani: anayevuja ataambiwaje amefunga?

Ruthi akavua miwani. Akaeleza kwamba mtoto akizuia choo siku hata siku, kile kilichomo ndani hukauka kikawa kigumu na kikubwa. Akitaka kukitoa kinamuuma, kwa hiyo anazidi kuzuia. Utumbo unatanuka, unachoka, unapoteza hisia. Kisha choo chepesi cha juu kinapita pembeni ya kile kigumu na kutoka chenyewe, mtoto asihisi lolote. Na ule mzigo unakigandamiza kibofu, ndiyo maana na mkojo unamponyoka. Akasema anawaona watoto wa namna hii wengi, hasa wakianza shule, na karibu wote wameletwa kwa ajili ya kuharisha.

"Na majani ya mpera?" Idarusi akauliza.

"Yamezidi kumfunga. Hukujua."

Idarusi akasema lile ambalo hakupanga kulisema. "Nilimpiga, Sista."

Ruthi hakumwambia kwamba si kitu, wala hakumgombeza. Alimwambia tu asirudie, kwa sababu mtoto anayeogopa atazidi kubana. Akampa dawa ya maji ya kulainisha choo, akamwambia itachukua miezi, si siku, na asiikatishe akiona nguo safi. Maji mengi, papai, mchicha, maharage. Kila baada ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni, mtoto apelekwe msalani akae dakika kama kumi, kitoke kisitoke, asiharakishwe.

Njiani Idarusi aliiendesha baiskeli polepole mno. Alikuwa ameambiwa sababu, jambo alilolitaka wiki tano, lakini sababu yenyewe ilikuwa imekaa kichwani mwake kama shati lililovaliwa kinyume. Kumpa dawa ya kulainisha choo mtu anayechafua nguo! Bi Khadija alipoambiwa alikataa katakata, akasema huyo nesi hajui watoto wa pwani. Saleha alirudi akalisikiliza jambo zima, akaiangalia chupa ya dawa, akasema wafuate, maana ya kwao wameshayajaribu.

Siku tatu za kwanza zilikuwa balaa. Kamba ya uwani ilijaa nguo, na Idarusi alikuwa karibu kuimwaga dawa. Siku ya nne, baada ya chai, Shadya alikaa msalani muda mrefu, akalia, akamshika baba yake shingoni kwa nguvu, na kile kitu kikatoka. Idarusi hakuamini kwamba kimekaa ndani ya mwili mdogo vile. Mtoto akalala mpaka adhuhuri, akaamka akataka wali wa samaki, sahani mbili.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kunyooka. Lakini swali lilibaki, na ni swali ambalo Idarusi hakuweza kuliachia: kwa nini alianza kuzuia? Akamuuliza. Shadya akasema choo cha shule kina shimo kubwa. Siku nyingine akasema mlango hauna komeo. Siku ya tatu akasema wenzake wanagonga na kuhesabu.

Idarusi akaenda shuleni kujionea. Mwalimu Queen akampeleka. Choo kilikuwa safi, kimepakwa chokaa. Shimo lilikuwa dogo kuliko la nyumbani. Mlango ulikuwa na komeo, akalifunga na kulifungua mara tatu kama anayejaribu breki. Queen akaeleza kwamba watoto wa awali hupelekwa kwa pamoja wakati wa mapumziko, kwa mstari, maana yeye ni mmoja na wao ni sitini na wawili. Ndiyo, wa nyuma huwagongea wa mbele, ni watoto. Mwalimu akauma mdomo. Aliomba radhi kwa kutaka mtoto awekwe nyumbani. Akasema hata yeye hakujua, chuoni hawakufundishwa hilo, na tangu siku hiyo angemruhusu Shadya kwenda peke yake wakati wowote akinyoosha mkono.

Idarusi akatoka pale amechanganyikiwa zaidi. Shimo si kubwa, komeo lipo. Basi ni kule kugongewa? Lakini nyumbani pia wapangaji wa Bi Khadija hugonga na Shadya huwajibu kwa kelele. Jioni akamweleza mama yake, na Bi Khadija, huku akipeta mchele, akasema kwa utulivu kwamba asijisumbue, yeye mwenyewe Idarusi alijikojolea darasani mpaka la pili.

"Mimi?"

"Wewe. Nilikuwa nakuwekea kaptula ya akiba kwenye mfuko."

Hakukumbuka hata chembe. Maisha yake yote alijijua kuwa mtoto asiyesumbua. Akamuuliza mama yake ilikuwa kwa nini, na iliishaje. Bi Khadija akasema hajui, iliisha tu, wala hakuwahi kuuliza.

Juni, shule ilipokaribia kufungwa, kikaitishwa kikao cha wazazi. Idarusi si mtu wa kusema mbele za watu, lakini yalipofika mengineyo alisimama. Akaanza na tumbo, akarudi kwenye mstari, akaingia kwenye majani ya mpera, akapotea. Baadhi ya wazazi walicheka. Mwishowe akapata sentensi moja iliyosimama: kwamba watoto wadogo waruhusiwe kwenda chooni mmoja mmoja, wasigongewe, na anayechafuka asiitwe mchafu. Akakaa, kijasho kinamtoka. Mwalimu Queen akaandika.

Walipotawanyika, mama mmoja kijana alimfuata hadi kwenye baiskeli yake. Alijitambulisha kuwa Sabiha. Mwanawe wa kiume yuko darasa la kwanza, akasema, na nyumbani wanamchapa kila siku kwa jambo hilohilo. Akauliza kama wa Idarusi amepona.

"Anaelekea. Wiki iliyopita mara moja tu."

"Na ilisababishwa na nini?"

Idarusi akaanza kusema shimo, akaacha. Akaanza kusema mlango, akaacha. Yapo majibu mengi angeweza kumpa mwanamke yule, na kila moja lilikuwa na kasoro.

"Sijui, dada yangu," akasema. "Wallahi sijui mpaka leo. Lakini mwanao msimpige, huenda hajui kama kimemtoka. Nesi anaitwa Ruthi, yupo Jumatatu na Alhamisi. Nenda mapema."

Akamwelekeza njia ya kufika kituoni, akampandisha Shadya nyuma, wakaondoka.